Mifumo ya maombi ihifadhi fomu inapojazwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowasumbua vijana wengi wanaofika kwenye stesheneri ninayofanyia kazi hapa Mwanga, Kigoma, kutuma maombi ya vyuo na ya kazi kwa njia ya mtandao.

Wiki iliyopita alikuja binti kutoka Ujiji akiwa na simu yenye memori ya kufanyia kazi (RAM) ya gigabaiti 2. Alikuwa amejaza fomu kwa karibu saa nzima, kuanzia majina ya wazazi hadi namba ya mtihani, ikabaki picha ya cheti cha kuzaliwa tu. Akafungua kamera, akapiga picha, na aliporudi kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao, akakuta ukurasa unajifungua upya, visanduku vyote vitupu. Mama yake aliyemsindikiza akamgombeza mbele yetu kwamba amebonyeza asipopajua.

Binti yule hakukosea popote. Kila kichupo (tab), yaani kila ukurasa unaoufungua ndani ya kivinjari, hukalia sehemu ya memori, na kamera nayo hudai yake. Memori inapokaribia kujaa, simu au kivinjari huuondoa ukurasa usiotazamwa ili unaotumika upate nafasi. Jina la kichupo hubaki palepale, kwa hiyo mtu hudhani ukurasa ungali mzima, kumbe ukiugusa tu unapakuliwa upya, tena kwa bando lako. Kwenye kompyuta, kivinjari cha Chrome kilianza utaratibu huu mwaka 2015, na kile cha Firefox kwenye Windows kikaufuata Oktoba 2021.

Siupingi utaratibu wenyewe, maana bila huo kompyuta yetu ya gigabaiti 4 ingeganda kila asubuhi. Vivinjari vya kompyuta hata hujitahidi kukiepuka kichupo kinachotoa sauti au chenye fomu iliyoanza kujazwa. Lakini kwenye simu ya memori ndogo, ambayo ndiyo wateja wetu wengi wanayo, kinga hiyo haitoshi, kwa sababu mfumo wa simu unaweza kukizima kivinjari chote wakati mtu yuko kwenye kamera.

Sisi huwashauri wateja wapige picha za vyeti kabla ya kufungua fomu, na majibu marefu wayaandike kwanza kwenye daftari. Ushauri huo unamfikia anayepita dukani kwetu tu. Ndiyo maana nawaomba wenye mifumo ya maombi, wa serikali na wa binafsi, wahakikishe kila sehemu inayojazwa inahifadhiwa papo hapo kwenye kompyuta zao, ili mwombaji akirudi aendelee alipoishia. Binti wa Ujiji alilazimika kuanza upya kwenye kompyuta yetu, akamaliza saa kumi na moja jioni, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa usiku uleule.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma