Mwanangu, anwani yako sitaki

Mwanangu, babaangu, assalam aleikum. Mie mzima, magoti ndio yale yale, umeme umekatika tangu asubuhi kwa hiyo naandika haraka kabla simu haijazima. Jana nilivyokukatia simu usinune, sikukasirika, ni kwamba mjomba ako alikuwa kakaa hapa barazani na wageni wake na yale uliyokuwa unasema si ya kusikilizwa na watu. "Mama si uweke anwani ya kwangu tu, nani atajua?" Nimelala na hilo neno usiku kucha. Sasa nakujibu kwa kuandika maana kwenye simu huwa unanishinda kwa kelele.

Jibu ni hapana, sitawaandikia watu wa pensheni ya Uingereza kwamba nakaa kwako. Lakini sitaki uishie kusema mama mkaidi, nataka ujue kitu chenyewe kilivyo, maana naona hii pensheni unaizungumzia kama sadaka ya Ramadhani, kwamba wanagawa na wewe unasogea tu kwenye foleni.

Unakumbuka tulivyofika Northampton, Uingereza, 2001, wewe una miaka 11 unalia baridi. Miaka miwili ile ya mwanzo nilibeba boksi kwa hela ya mkononi, hakuna karatasi wala makato, na nilijiona mjanja kweli maana wenzangu wakionyesha mshahara wao umekatwa huku na huku mie changu kizima. Kumbe kwenye vitabu vyao mie sikuwepo. Halafu 2003 nikapata ile kazi ya kutunza wazee, na hapo ndipo NI yangu (National Insurance, michango ya bima ya taifa inayokatwa kwenye mshahara) ikaanza kuhesabika. Ile NI ndiyo pensheni mwanangu, si kitu kingine, kila mwaka unaolipia ni tofali moja, matofali 35 ndio nyumba nzima na chini ya 10 hawakupi hata kibanda. Shoga yangu mmoja tuliyekuwa naye shifti moja alirudi nyumbani na miaka 8, hana hata senti mpaka leo, na kibaya zaidi miwili ile ingelipika akiwa huku huku ila hakuna aliyemwambia na yeye hakuuliza.

Mie nina 16. Ilitakiwa iwe 18, ngoja nikwambie hiyo miwili ilikoenda maana ndio inayoniuma kuliko yote. 2008 shifti zilipunguzwa pale kwa wazee nikaacha, nikawa na kazi mbili, alfajiri nafagia ofisi, jioni naosha vyombo vya shule. Huku napata 80 kwa wiki, kule 75. Wakati ule ili wiki yako ihesabiwe ulitakiwa upate kuanzia paundi 90, na wao hawajumlishi, kila kazi wanaiangalia peke yake. Kwa hiyo mtu anayepata 155 kwenye kazi moja mwaka wake unahesabika, mie na jasho lile lile na nusu saa ya basi katikati sikuhesabika, miaka miwili nimefanya kazi kama punda na kwenye rekodi inasoma kama nilikuwa nimelala. Hakuna aliyevunja sheria, ndivyo ilivyoandikwa. Mpaka leo ukiwa na vikazi viwili vidogo vidogo mambo ni hayo hayo.

Na usiseme mama si ungelipia baadaye. Ningeweza, ndio. Walifungua mlango watu wazibe mapengo mpaka ya 2006, mlango wenyewe wakaufunga Aprili 5, 2025, sasa unarudi nyuma miaka sita tu. Mwaka mmoja ilikuwa kama paundi 824. Unaongezewa karibu paundi 6 kwa wiki maisha yako yote, yaani ukiishi miaka mitatu hela imesharudi. Mie mia nane ile niliezekea bati. Nyumba ilikuwa inavuja nikachagua bati, na hiyo miaka miwili imekwenda.

Haya, nikafikisha miaka 66, umri wangu wa pensheni, Agosti 2023, nishakuwa Tanga mwaka wa pili. Jambo watu wengi hawalijui ni kwamba haiji yenyewe. Ukinyamaza na wao wananyamaza, wanahesabu umeamua kuichelewesha (na ukichelewesha wanakuongezea, asilimia 1 kwa kila wiki 9, si mbaya kwa mwenye cha kula, mie sikuwa nacho). Ukiwa nje ya nchi unaomba kwa wale wa International Pension Centre, unapiga simu au unajaza fomu, unaruhusiwa kuanza miezi minne kabla ya siku yako. Fomu ndefu lakini si ngumu, wanataka namba ya NI, tarehe ulizoingia na kutoka Uingereza, mambo ya ndoa, hata ya marehemu baba ako niliyajaza, na akaunti ya benki. Akaunti ndiyo iliyonisumbua. Ile ya kule benki waliniandikia kwamba hawataki tena wateja wanaoishi nje, niitoe hela yangu, miaka 15 nimewawekea. Nikafungua hapa mjini, wakaniuliza IBAN, ile namba ndefu ya akaunti wanayotumia Ulaya, kijana wa benki hapa akaniambia mama Tanzania hatuna hiyo, tuna SWIFT code, namba ya kutambulisha benki, tukaandika hiyo hiyo na ikakubali. Unachagua wakulipe kila wiki 4 au kila wiki 13. Chagua 4, wiki 13 mtu unaweza ukafa na njaa huku unadai.

Hesabu yangu ikaja paundi 93 na senti kwa wiki. Ukiipiga kwa wiki nne ni 370 na kitu, ukibadilisha ni zaidi ya milioni moja ya kwetu, na hapa Ngamiani mwanamke mwenye milioni kila mwezi bila kumpigia mtoto simu ni mtu wa kuheshimika, wanaume wa baraza wananiamkia vizuri siku hizi.

Sasa tuje kwenye ulichosema jana. Ni kweli, pensheni yangu imeganda, haipandi. Mwaka niliouanza mie mwenye miaka yote 35 alikuwa anapata 203.85 kwa wiki. Aprili 2024 waliwaongezea wanaokaa huko asilimia 8.5, Aprili 2025 asilimia 4.1, akafika 230.25. Mie nilianza na 93 na leo 93 na nikifika miaka 90, Mungu akipenda, ni 93 hiyo hiyo na unga utakuwa bei gani sijui. Ningekuwa nakaa kwako, mwaka huo wa 2025 ingekuwa 105, yaani paundi 12 zaidi. Na si kwamba kila aliye nje anagandishwa, hapo ndipo panapochefua roho. Aliyehamia Ufaransa au Hispania anaongezewa, Marekani anaongezewa, Ufilipino, Jamaika, Uturuki, hata Mauritius hapo, bahari yetu hii hii. Sisi Tanzania hapana, Kenya hapana, Uganda hapana, Afrika Kusini hapana, na usidhani ni ubaguzi wa rangi maana Australia na Kanada nako hapana na huko ndiko waliko wengi wao, Wazungu watupu, karibu nusu milioni kwa jumla. Inategemea nchi zenu ziliandikiana mkataba gani, na Kanada mkataba wanao na bado hawaongezewi, sasa hapo wewe tafuta mantiki mie nimeshindwa. Kuna mama mmoja alihamia Afrika Kusini, Annette Carson, alilipa michango yake yote, akashitaki London akashindwa, akaenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na wenzake, 2010 majaji 11 wakamkataa, 6 wakamkubali. Kama Mzungu mwenzao na mawakili wake kashindwa, mie wa barabara ya kumi na tano nitaanzia wapi.

Kwa hiyo unachoniambia ni nini? Niwaandikie nimerudi Northampton, nakaa kwako, waniongezee hizo paundi 12. Mwanangu, paundi 12. Kwa wiki. Kila wanapoandika barua uipokee wewe, ujibu wewe, uweke saini yangu wewe, na siku wakigundua wanadai zote nyuma, na kesi inaweza kufunguliwa, na wa kushikwa ni nani, mie niko Tanga nakula mihogo, wewe ndiye uliye na anwani. Una mtoto mdogo na makaratasi yako ya kazi, ukiwa na doa moja tu mlango unafungwa. Na hata wasigundue. Nimetunza wazee wao miaka mingapi, nimewaogesha, nimewafumba macho wengine, sikuwahi kuchukua hata pete iliyosahaulika kwenye sinki, leo uzeeni nije nile haramu ya paundi 12. Sitaki, na usiniulize tena.

Kama unataka niipate hiyo nyongeza, njia ya halali ipo. Nikija kukaa kwenu, hata kwa matembezi, nawaambia tarehe niliyoingia na wiki zote nitakazokuwa hapo wananilipa kwa kiwango kipya, nikirudi Tanga inashuka ilipokuwa. Kwa hiyo kata tiketi uone mama anavyoongezeka thamani.

Lingine ni ile karatasi ya uhai. Wanatuma fomu, wanataka mtu anayeaminika athibitishe upo hai, asiwe ndugu, na una wiki 16 tu kuirudisha. Ya kwangu ya mwanzo ilifika kwenye sanduku la posta la mjomba ako na mjomba ako alikuwa kasafiri Mombasa na ufunguo, miezi miwili, hataki kusema alikuwa kwa nani. Aliporudi siku zilikuwa zimeshaliwa, hela ikasimama, nikakaa wiki tano nakopa dukani. Nikaenda kwa wakili pale karibu na mahakama, akaniuliza mama nithibitishe nini, nikamwambia kwamba sijafa, akacheka mpaka akavua miwani, halafu akanitoza elfu 20. Fomu ilivyofika kwao hela ikarudi na ya nyuma yote wakalipa, sina ugomvi nao.

Na siku nikifa, mwanangu, hela hiyo si mirathi. Usije ukamsikiliza mtu akakwambia acheni iingie ingie kwanza. Piga simu wiki ile ile, na itakayoingia baada ya siku yangu irudisheni, sitaki nidaiwe kaburini kwa ajili ya wajanja wa Facebook.

Sasa ya kwako. Unaendesha pikipiki ya kupeleka vyakula mwaka wa nne na juzi mkeo kaniambia hujajiandikisha kodi. Babaangu! Unarudia kosa langu lile lile la hela nzima mkononi. Wewe umezaliwa 1990, kwa sheria ilivyo sasa pensheni yako ni miaka 68, una safari ndefu na kila mwaka unaoruka hauna wa kukufidia. Kwa aliyejiajiri siku hizi wamelegeza, faida yako ikizidi kiwango chao (2025/26 kilikuwa paundi 6,845 kwa mwaka) na umejaza ripoti ya kodi, mwaka unahesabika bila hata kulipa ile michango midogo ya NI. Ikiwa chini ya hapo unaweza kulipa mwenyewe kwa hiari, 2025/26 ilikuwa paundi 3 na nusu kwa wiki, hiyo hata chipsi hupati. Lakini hujajaza ripoti, wao watajuaje upo? Ingia kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, kuna mahali pa kuangalia rekodi yako ya NI, utaona kila mwaka umeandikwa umejaa au haujajaa. Fanya leo, si wikiendi.

Na mkwe wangu anayekaa nyumbani na mtoto, mwambie ile hela ya mtoto ya serikali (Child Benefit) iombwe kwa jina lake yeye, si lako, maana anayeomba ndiye anayehesabiwa miaka ya NI mpaka mtoto afike 12, bila kulipa chochote. Jina likiwa lako wewe unayefanya kazi, yeye anakaa nyumbani bure. Najua ni lako, kaniambia. Kuna fomu ya kuhamisha hiyo miaka, itafuteni.

Nisalimie mjukuu, mwambie bibi ameona picha ya meno. Viatu ulivyotuma ni vikubwa lakini nimeweka pamba. Ukituma barua tumia sanduku lile lile la mjomba ako, usiogope, ufunguo wa pili nimechonga na nauvaa shingoni.

Mama ako,
Ngamiani, Tanga