Nyuzi za nailoni si feki, zipeni wiki moja

Mhariri,

Naomba nafasi nizitetee nyuzi za gitaa.

Kijana jirani yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, ana gitaa la flamenko (muziki wa kusini mwa Hispania) aliloachiwa na mjomba wake. Majuzi alinunua seti ya nailoni, akazifunga jioni, asubuhi akazikuta zote zimeshuka sauti. Akazikaza, zikashuka tena. Akazirudisha dukani akisema ni feki, naye muuzaji akambadilishia za chuma: "Hizi hazilegei." Kweli hazikulegea. Kilichong'oka ni daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi usoni mwa gitaa.

Nyuzi za chuma huvuta karibu mara mbili ya nailoni. Gitaa la flamenko huundwa jepesi, mbao nyembamba, mgongo na mbavu za saipresi. Mzigo ule si wake.

Nilipokuwa baharia nililinunua langu Algeciras, bandari ya kusini mwa Hispania alikozaliwa mpiga gitaa mashuhuri wa flamenko, Paco de Lucía, mwaka 1947. Aliyeniuzia alinionya kuhusu nailoni mpya, nami sikuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa kamba mpya za melini zilikuwa na tabia iyo hiyo: hurefuka kwanza, ndipo zikashika.

Nami hufanya hivi. Nabadilisha uzi mmoja mmoja, sizivui zote kwa pamoja. Ule mwembamba kabisa nauzungusha mara tatu pale darajani, maana huteleza, na ncha yake ikichomoka huchapa uso wa gitaa (langu lina kovu la kosa hilo). Kisha nauvuta kwa vidole katikati, taratibu, natyuni, navuta tena, natyuni. Usiku siulegezi. Nyuzi nene zilizoviringwa waya hutulia mapema. Tatu nyembamba husumbua siku tatu, nne, pengine wiki. Katika siku hizo piga tu, hata kama kila baada ya wimbo unarudi kukaza.

Kuhusu kuchagua, mimi hununua zenye mkazo mkubwa. Kwenye flamenko nyuzi hukaa karibu sana na ubao wa shingo, na ukizichapa zote kwa vidole, rasgueado wanavyoita, zilizolegea hukwaruza kupita kiasi. Kukwaruza kidogo kunatakiwa, ndiyo ladha yenyewe. Uzi wa tatu wa nailoni ni mnene na sauti yake huwa butu, kwa hiyo pale naweka wa kaboni, mwembamba zaidi. Na kwa jasho letu la pwani, usiache kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, la sivyo zile nene hupoteza mng'aro wa sauti upesi.

Gitaa la kijana liko kwa fundi, daraja linagundishwa. Muuzaji nimemwomba awe anawaambia wateja wa nailoni wasubiri wiki. Amecheka, akaniuliza kama nataka kununua seti.

Baharia mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa