Ukungu Umerudi? Kabla Hujasema Fundi Kala Hela

Masika ikishika Tanga, simu zetu huwa ni zile zile: "Fundi, ukuta umeota ukungu tena." Juzi mama mmoja wa Makorora katuambia wazi kuwa tumemwibia. Mwaka jana tulimpa bei ya kubandua lipu, akaiona kubwa, akataka rangi peke yake. Tukapaka, na kwenye risiti tukaandika kuwa ukuta haujatibiwa. Risiti anayo.

Rangi haizuii maji yanayotokea nyuma yake. Ndiyo maana sisi huanza kwa kutafuta maji yanakotoka, na kazi hiyo ina bei yake. Doa linalopanda kutoka sakafuni likiwa na unga mweupe wa chumvi ni maji ya ardhini, msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, au ni lipu iliyopigwa kwa mchanga wa baharini, ambao chumvi yake hufyonza unyevu hata kiangazi. Doa la pembeni mwa dari, panda ukaangalie gata na misumari ya bati.

Raskazone tulikuta mwenye nyumba keshavunja vigae vya bafu akitafuta bomba linalovuja. Hakuna bomba lililovuja. Kijana wake alikuwa analala na kiyoyozi kwenye digrii 16, na ukungu ukaota chumba cha pili, upande wa pili wa ukuta wa chumba cha kijana. Hewa ya bahari imejaa mvuke. Ikigusa ukuta uliopozwa hivyo, ukuta unatoa jasho. Tukamwambia apandishe hadi 25 na asogeze kabati hewa ipite nyuma yake. Akalipa ukaguzi huku ananung'unika, "Hela yote hiyo kwa kuangalia tu?" Vigae alivyovunja hakuvitaja.

Halafu kuna jiki. Kwenye vigae, sawa. Kwenye lipu inang'arisha juu tu, mizizi inabaki ndani, na maji ya jiki yenyewe yanaulowesha ukuta. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya sumu. Wala usisugue ukungu mkavu, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu. Lowanisha kwanza, vaa barakoa.

Kinachowaudhi wengi ni kusubiri. Tunabandua lipu hadi tofali, kupita pale doa linapoishia, na lipu mpya tunaiacha kama wiki 4 kabla ya rangi. Bwana mmoja wa Ngamiani alikuwa na harusi ya binti, hakutaka kusikia habari hizo, akaleta mafundi wengine. Rangi ikatoa mapovu, akaturudia, akalipia ukuta mmoja mara mbili.

Ukitupigia, usifute wala usipake chochote kwanza. Tunataka kulikuta doa lilivyo.