Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwanga Chini ya Msitu wa Ngezi

Assalaam alaykum, ndugu wanachama.

Mwaka jana tulikubaliana tusiutazame msitu wetu wa Ngezi kwa picha za setilaiti peke yake. Leo nasimama mbele yenu nikiwa na hakika kwamba tulifanya jambo la maana.

Picha za setilaiti ya Sentinel-2 tunazipata bure, na kila nukta yake ni mita 10 kwa 10. Taabu yetu Pemba ni mawingu, masika ndiyo usiseme. Lakini ipo taabu kubwa zaidi: majani yakishasongamana, kipimo cha ukijani hugota. Yaongezeke majani mengine juu yake, namba haisogei. Ndiyo maana ramani yetu ilionesha Ngezi yote rangi moja.

Chini ya majani si hivyo. Wenzetu wa Makangale waliingia na kile kioo kilichobinuka chenye miraba 24, cha kupimia majani yameziba mbingu kiasi gani. Unakishika usawa wa kiwiko, kila mraba unaugawa moyoni mara nne, unahesabu penye mbingu, kisha unageuka: kibla, mashariki, kusini, magharibi. Chini ya mivule mikubwa kioo kilijaa majani matupu. Hatua chache mbele, pale mti ulipoanguka, pameota Maesopsis eminii, mti wa kuletwa unaopenda mwanga na kukua haraka. Setilaiti inaona pamepona. Aliyesimama pale anaona vidoa vya jua vikitembea juu ya viatu vyake.

Picha za lenzi ya duara, zile za kuelekeza kamera juu kwenye majani, zilituchelewesha. Za mwanzo tulizipiga adhuhuri, jua likala kingo za majani, zote tukazitupa. Sasa tunatoka baada ya sala ya alfajiri.

Urefu wa miti tumeanza kuulinganisha na vipimo vya leza vya GEDI, vinavyopigwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kila pigo hupima duara lenye upana wa mita 25 hivi, na baina ya pigo na pigo hubaki nafasi. Katika msitu mdogo kama wetu, nafasi hizo ni nyingi. Tutazijaza kwa miguu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Viwanja vyetu vya kupimia vya upande wa Vumawimbi bado havijapimwa. Nahitaji watu wanne Jumamosi ijayo, kabla vuli haijaanza. Mwenye mabuti aje nayo.