Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Umoja wa Wakazi wa Jengo Letu, Chumbageni, Tanga

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wazee wetu, kina mama na vijana mliofika: assalaam alaykum, na Bwana asifiwe.

Nasema mliofika kwa makusudi. Jengo lina nyumba 18. Hapa nahesabu watu tisa, na kati yao wawili ni watoto waliotumwa kusikiliza kwa niaba ya baba zao, na mmoja ni mlinzi wetu. Mkutano wa Juni walikuja sita. Wa Septemba ulivunjika kwa sababu mpira ulikuwa kwenye televisheni. Katiba yetu inasema mkutano ulioahirishwa kwa kukosa akidi ukiitishwa tena huendelea na waliopo, kwa hiyo naendelea, na asiyekuja asije kesho akasimama ngazini kuuliza nani aliamua.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Usafi wa Jumamosi umefanyika, ingawa kwa watu walewale. Taa za ngazi zimebadilishwa. Iftari ya pamoja ilifana. Tumezika wawili, Mwenyezi Mungu awarehemu, na rambirambi zilifika kwa wakati. Gari la taka sasa linapita, alhamdulillahi.

Mapato: ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kila nyumba, yaani kwa mwaka tungepata 2,160,000. Zimeingia 1,385,000. Zilizobaki 775,000 ziko mifukoni mwenu. Katika hizo zilizoingia umetoka mshahara wa mlinzi, umeme wa pampu na taa, vifaa vya usafi na misiba, na salio Mweka Hazina atalisoma.

Sasa nije kwenye maji, maana najua ndiyo yaliyowaleta hata hao tisa.

Ankara ya Machi ilikuja uniti 203. Kawaida yetu haivuki uniti 100, na uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo ni kama tulikaribisha jengo jingine zima bila kujua. Aprili hivyohivyo, Mei hivyohivyo. Kwa kuwa mita ni moja na tunagawana sawa, maneno yakaanza. Wengine wakasema ni mama wa ghorofa ya pili anayeuza barafu. Wengine wakasema nyumba yenye watoto saba ilipe mara mbili. Uani kulikuwa kumelowa, lakini kila mtu alisema ni masika. Masika yakaisha, kipupwe kikaingia, na kile kipande cha ukoka karibu na mnazi kikabaki kibichi wakati uani kwingine kote kumekauka. Nililiona mimi. Naomba liandikwe.

Maji yetu yanatoka bwawa la Mabayani, yanasafishwa Mowe, yanafika kwenye mita yetu getini, yanapita chini ya uani hadi tangi la chini, kisha pampu inayapandisha tangi la juu na ndipo yanashuka majumbani. Nilitaka kujua yanapotelea wapi katika safari hiyo. Usiku mmoja wa Juni, saa tano, mbele ya Katibu na mlinzi, tulifunga vavu ya kuingilia tangi la chini. Vavu ikifungwa, hakuna nyumba inayoweza kuvuta hata tone kutoka kwenye mita. Tulimulika tochi: kile kigurudumu kidogo chekundu kwenye uso wa mita kilikuwa kinazunguka, polepole lakini bila kusita. Tukaandika namba, tukaenda kulala. Saa kumi na moja alfajiri zilikuwa zimepita lita 900. Kwa muda wa saa sita tu. Pigeni hesabu ya siku nzima, kisha ya mwezi, mtaziona uniti zenu mia na ushee.

Maana yake ni kwamba uvujaji ulikuwa kati ya mita na tangi la chini, kwenye bomba lililozikwa uani, na hakuna nyumba iliyohusika. Waliomsema mama wa barafu hadi leo sijasikia wamemwomba radhi.

Hata hivyo tulipita pia majumbani, kwa waliotufungulia. Dawa ya sistani ni rahisi: tia bluu ya kufulia kidogo ndani ya tangi la choo, usivute maji kwa nusu saa, kisha angalia bakulini. Bluu ikishuka, mpira wa chini umekwisha. Vyoo vinne vilishuka bluu. Kwenye tangi la juu boya lilikuwa halifungi, maji yakimwagika kimyakimya upande wa nyuma ambako hakuna anayepita. Na ule ukuta wa ngazini unaobabuka rangi na kutoa unga mweupe wa chumvi, fundi alisema ni bomba la kushusha linalotoa jasho kwenye kiungio. Hayo yote yametengenezwa bila kelele, na wala sikusikia pongezi.

Kelele zimekuja kwenye uani.

Tulipofukua, tulikuta bomba la chuma la tangu jengo lilipojengwa. Zinki ya kulikinga na kutu ilikwisha zamani. Kwa hewa na udongo wetu wa pwani, wenye chumvi, chuma hakidumu. Kipande nilichokishika kilimeguka kama biskuti iliyolowa chai. Na katika mita sita tu za mwanzo tulikuta mahali patatu palipofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na binding waya, kazi ya uongozi uliopita, nausema bila kumtaja mtu. Tundu la sasa lilikuwa la nne, hatua chache kutoka la tatu.

Hapa ndipo tulipohitilafiana. Kuna mwanachama aliyeleta kijana wake wa nyumbani, kijana mzuri, akasema atafunga klampu, yaani kibanio cha kuziba tundu, kwa shilingi 85,000 na sakafu nyekundu ya uani isiguswe zaidi. Kamati ikaamua kubadilisha bomba lote, mita 42, kuweka poli paipu, bomba la plastiki, la inchi moja na robo. Gharama ilikuwa 1,340,000: vifaa 560,000, ufundi 350,000, kuvunja na kurudishia sakafu 380,000, usafiri na mengineyo 50,000. Tulichukua akiba ya kupaka jengo rangi 900,000 na kuomba mchango maalumu wa 25,000 kwa kila nyumba.

Wanaosema klampu ingetosha nawauliza: bomba lililooza ukiliziba hapa, presha inakwenda wapi? Inatafuta penye udhaifu panapofuata, tena usiku, watu wakiwa wamefunga bomba mtaa mzima na presha imepanda. Tungelipa 85,000 leo, na 85,000 Desemba, na maji ya katikati juu yake. Wanaosema tungengoja mamlaka ya maji, kwa kuwa Tanga-UWASA imeuza hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 mwaka huu, nawakumbusha kwamba fedha hizo ni za miradi ya maji ya jiji. Bomba likishavuka mita ni letu, na tundu lake ni letu.

Kuhusu mamlaka yangu: kifungu cha 9 cha katiba yetu kinamruhusu Mwenyekiti pamoja na Mweka Hazina kutumia akiba katika dharura. Lita 3,600 kwa siku kama si dharura, mnieleze dharura ni nini. Na mkutano wa Juni niliouitisha mahsusi kwa jambo hili, nimeshasema walikuja wangapi.

Kuhusu fundi: si shemeji yangu. Tunaswali msikiti mmoja, na kuswali safu moja si undugu. Ana leseni, alitoa risiti, na si kishoka. Mtaro ulichimbwa zaidi ya nusu mita, na mimi ndiye niliyekataa ufukiwe siku hiyohiyo. Uliachwa wazi usiku kucha, maji yakiwa ndani kwa presha yote, mlinzi akipita na tochi kila kiungio. Asubuhi kulikuwa kukavu, ndipo tukafukia. Tumeweka pia vavu mpya mbili, moja baada ya mita na moja kabla ya tangi, ili siku nyingine kipimo kiwe cha dakika tano.

Kuhusu sakafu nyekundu, ni kweli sasa kuna mstari wa saruji ya kijivu kutoka getini hadi tangini, na nimesikia unavyoitwa. Ile rangi nyekundu ya zamani haipatikani ikalingana. Tulijaribu kipande, kikatoka cha waridi. Nikaona afadhali kijivu.

Ankara ya Agosti ilikuwa uniti 94. Kwa tofauti ya zaidi ya shilingi 200,000 kila mwezi, gharama yote itakuwa imerudi kabla ya miezi saba kwisha. Hili sijasikia likisemwa ngazini.

Mchango maalumu wamelipa nyumba 11, shilingi 275,000. Pengo la 165,000 kwenye duka la vifaa nimelitanguliza mimi mwenyewe mfukoni, na sijalidai mpaka leo. Nyumba saba zinajijua. Mbili kati yake ndizo zilizosema kwa sauti kubwa kwamba maji ni uhai.

Kwa mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kurudisha akiba ya rangi, kufikiria mita ndogo kwa kila nyumba ili lawama zipungue, na kuangalia uwezekano wa kubadilisha mabomba ya ngazini. Inategemea ada.

Risiti zote, karatasi ya namba za mita za usiku ule yenye sahihi ya Katibu, na kipande cha bomba la zamani vipo nyumbani kwangu. Anayetaka kuviona aje, baada ya magharibi, na aje na 25,000 zake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti