Usimwage maji ya betri kabla hatujafika

Mteja anapiga simu tuje tumchukulie betri za gari zilizokufa, halafu anaongezea kwa furaha kabisa, "nishazimwaga maji, sasa hivi nyepesi." Jamani! Yale maji ni asidi ya salfa iliyokaa miaka na sahani za risasi (ile metali nzito, sio ya bunduki), kwahiyo imebeba risasi ndani yake. Ukiyamwaga nyuma ya duka asidi yenyewe itapoa kwenye udongo, ila risasi haiozi wala haiendi popote, inabaki hapo inageuka vumbi, na watoto ndio wanaocheza chini na kutia mikono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, sasa wewe utapimaje kwamba "ni kidogo tu"?

Na wale wanaoyeyusha wenyewe ili wauze vipande, risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linaweza, ndo maana watu wanaona ni kazi rahisi. Moshi na vumbi lake linakaa kwenye nguo unarudi nalo nyumbani. Hatununui mzigo wa hivyo, hata kwa bei ya chini.

Tunachoomba ni betri ikae nzima na maji yake, isimame wima kwenye trei ya plastiki (sio ya bati, asidi inalila), isipigwe na jua na isikae karibu na mtu anayechomelea maana betri inaweza kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka, na hiyo cheche moja inatosha. Iliyopasuka itie kwenye ndoo ngumu ya plastiki yenye mfuniko. Asidi ikimwagika vaa glavu na miwani, mwagia baking soda kidogo kidogo mpaka povu liishe, halafu zoa weka kwenye chombo chake usitupe kwenye mtaro.

Betri za simu na laptop msichanganye na hizo, ziba ncha zake kwa selotepu na iliyovimba ikae peke yake. Taa za tyubu zina zebaki, msizivunje ili zienee kwenye boksi.

Mafundi wa kukereza na nyie, machicha (mabaki ya kukereza) ya magnesiamu yasikae pamoja na ya chuma wala yasilowe, na yakishika moto USIMWAGE MAJI, maji yanazalisha hidrojeni na moto unalipuka, tumia mchanga mkavu kabisa au mtungi maalumu wa kuzimia metali inayowaka. Ule mtungi wa kawaida uliotundikwa mlangoni hausaidii hapo.

Ukitupigia tuambie ni betri za aina gani, ngapi, na kama kuna inayovuja sema mapema dereva aje na ndoo. Karatasi ya makabidhiano mtapewa palepale, itunzeni, mkaguzi akija ndo atakayoiulizia.