Barua ya wazi kwa Mkuu wa NASA: mboga za asili ziende Mars

Mheshimiwa,

Salaam. Nakuandikia kuhusu chakula cha wanaanga mtakaowatuma Mars. Ombi langu ni kwamba mchicha, kunde na viazi vitamu vipewe nafasi ya kweli katika kilimo chenu cha angani, visiishie kwenye makabrasha ya utafiti.

Tatizo lenyewe wataalamu wenu wanalijua vizuri. Kwenda Mars na kurudi ni safari ya karibu miaka 3, na kwa kuwa chakula kingine kitatangulizwa, kinatakiwa kidumu hadi miaka 5. Shibe itakuwepo. Kinachopotea humo ndani ya pakiti ni vitamini, hasa C na B1, hata kama chakula hakijaharibika. Na mwili huko juu una madai makubwa: bila mazoezi ya kutosha, mfupa wa nyonga hupungua uzito kwa asilimia 1 hadi 1.5 kila mwezi.

Agosti 2015 wanaanga walipokula letusi nyekundu waliyoipanda wenyewe kwa Veggie, mtambo mdogo wa kukuzia mboga kwa taa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, nilifurahi sana. Lakini letusi sehemu kubwa ni maji. Jani la mchicha lina vitamini C, K, foleti na beta-karotini kwa wingi, hukua haraka, na ukilichuma shina huchipua tena. Wala si mgeni angani. Mwaka 1985 Rodolfo Neri Vela wa Mexico alibeba mbegu za mchicha ndani ya chombo cha Atlantis.

Kunde na viazi vitamu navyo vina sifa ambayo chombo chenye nafasi finyu kinaihitaji mno: hakuna kingi cha kutupa. Majani ya kunde ni mboga, punje zake ni protini yenye laisini, sehemu ya protini inayopungua kwenye ngano na mchele. Kiazi ni wanga, majani yake nayo huliwa. Huko kwenu Marekani, Chuo Kikuu cha Tuskegee kilikuza viazi vitamu bila udongo kwa ajili ya safari za anga, na Chuo Kikuu cha Purdue kikachunguza kunde. Kazi hiyo ilifanyika kwa fedha zenu, Mheshimiwa. Kwa nini isiendelezwe?

Jambo moja lisifichwe. Mchicha una oksaleti, ambayo huzuia mwili kufyonza kalsiamu na huweza kuchangia mawe kwenye figo. Wanaanga tayari wako kwenye hatari hiyo, kwa sababu kalsiamu inayotoka mifupani hupita kwenye mkojo. Duniani tunachemsha na kumwaga maji. Angani karibu kila tone linarejeshwa kutumika, na kuchemsha huko huondoa pia vitamini C tuliyoifuata. Kwa hiyo si kila mchicha unafaa. Zitafutwe aina zenye oksaleti kidogo, zipimwe zikiwa zimekuzwa chini ya taa za mtambo wenyewe, maana mwanga na mbolea hubadilisha kilichomo ndani ya jani.

Kutafuta huko kuanzie kwa wakulima, wengi wao wanawake, waliotunza mbegu hizi kizazi baada ya kizazi. Wanajua aina ipi ni laini, ipi chungu, ipi huchanua mapema. Waulizwe kwa heshima, watajwe kwenye ripoti zenu, na faida ikipatikana kutokana na mbegu zao nao wapate fungu lao.

Nasubiri jibu lako hadharani.

Wako mtiifu,
Mpenzi wa mboga za asili